Safari ya siku mbili kufuata mito ya wapelelezi: Mbeya, Matema, Kitulo hadi Chimala

Niseme mapema kwa wenye haraka: nendeni, pesa yenu haitapotea. Ila kabla ya kulipa waulizeni waandaaji mambo mawili: gari gani litapanda Kitulo, na siku ya pili mtaondoka Matema saa ngapi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama mtarudi mmeridhika au mmechoka bure.

Mimi nimefanya kazi ya vipimo vya mito upande wa bonde la Usangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ajira. Kusoma kina cha maji kwenye rula zilizosimikwa kingoni, kupima mwendo wa mto, kujaza daftari, kupeleka takwimu ofisini. Kwa hiyo niliposikia kuna vijana wa hapa Mbeya wanapeleka watu safari ya kufuata njia za Wazungu wa kwanza waliokuja kupeleleza mito na maziwa ya nyanda hizi, sikukaa. Nimewasikia wengi wakizungumza habari za wapelelezi wale, na karibu wote huzungumza kana kwamba watu wale walikatiza nchi tupu isiyo na mwenyewe wala njia. Nilitaka kusikia hawa wetu wanaisimuliaje. Jina la kampuni yao sitaliandika kwa sababu nina malalamiko, na malalamiko hayo nimeshawapelekea wenyewe ana kwa ana.

Bei ni shilingi 260,000 kwa mtu mkiwa wanne au zaidi. Ndani yake kuna usafiri, muongozaji, chakula cha mchana siku zote mbili na kulala Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kiingilio cha Hifadhi ya Kitulo unalipa mwenyewe getini. Chakula cha jioni unajitegemea, na hilo kwangu si kasoro, maana pale Matema ukipata samaki wa mbasa wa kuchoma na wali wa mchele wa Kyela huna haja ya kupangiwa na mtu. Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, mpwa wangu, mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Vwawa, na mtu na mkewe waliotoka Makambako. Tulisafiri mwishoni mwa Januari, mvua zikiwa zimekolea.

Muongozaji wetu ni binti wa Kinyakyusa, mzaliwa wa Rungwe, umri wake sawa na wa mwanangu wa tatu. Alitupokea na shikamoo zake zote, akatupanga garini, na kabla hatujafika Uyole akauliza: "Baba, mama, mvua ikinyesha hapa mjini Mbeya maji yake yanaishia wapi?" Mwalimu akajibu kwamba yanaishia baharini. Binti akasema hapana, maji ya hapa yanashuka Mto Songwe wa kaskazini, yanaingia Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mlango wa kutokea. Halafu akaongeza kwamba kabla jua la kesho halijazama tutakuwa tumekanyaga mabonde matatu: la Rukwa, la Nyasa na la Rufiji, na kwamba Wazungu wa miaka ya 1870 walihangaika sana kujua mabonde hayo yanagawana wapi. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, huyu anajua kazi. Mtu anayeanza na mgawanyo wa maji hajakosea mahali pa kuanzia. Majina ya watu na tarehe vinakuja baadaye na vinapata pa kukaa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Daraja la Mungu, Mto Kiwira. Wengi mnapafahamu, sitapaeleza sana: jiwe la volkano limejenga daraja lenyewe juu ya mto na maji yanapita chini yake kwa kelele. Alichofanya binti pale ni kututaka tutazame kina cha korongo na kasi ya maji, kisha akauliza boti ingepita wapi. Haipiti. Ndiyo hali ya karibu mito yote inayoshuka kutoka huku juu. Kiwira, Mbaka, Lufilyo, yote inatoka milimani na kuporomoka hadi ziwani kwa mwendo mfupi sana. Huko Ulaya walizoea kuingia nchi kwa kupanda mto na chombo. Huku kwetu mto ulikuwa kizuizi cha kuvuka, na msafiri alitegemea miguu, mabega ya wapagazi na mwenyeji wa kumwonyesha kivuko.

Akatupa mfano wa Rufiji, nao ulinifurahisha kwa sababu haupatikani kwa waongoza watalii wengi. Mwaka 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Mwingereza William Beardall kuupeleleza Rufiji, na kubwa lililotafutwa lilikuwa ni umbali gani chombo kinaweza kupanda. Kule juu mto umebanwa na miamba na maporomoko, pale ambapo leo limejengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kilichomzuia mwenye mashua ndicho kilichomvutia mhandisi wa umeme.

Matema tulifika saa tisa alasiri kupitia Kyela na Ipinda. Hapa ndipo siku ya kwanza ilipostahili pesa. Binti alitutandikia ramani yake kwenye mchanga, nakala kubwa iliyopigwa laminesheni, akaibana pembe nne kwa mawe. Juu yake alikuwa amechora kwa kalamu za rangi njia tatu. Ya buluu ni ya meli ya Ilala, boti ya mvuke ya wamisionari wa Kiskoti, ambayo mwaka 1875 ikiongozwa na E. D. Young ililizunguka Ziwa Nyasa lote. Kabla ya hapo Wazungu hawakuwa na hakika ziwa linakomea wapi upande wa kaskazini, na safari hiyo iliwaonyesha kwamba linaenda mbali kuliko ramani zao zilivyosema. Nyekundu ni ya James Frederic Elton, mwaka 1877. Ya kijani ni ya Joseph Thomson, mwaka 1879.

Alimweka Elton mbele, na mimi nakubaliana naye, kwa sababu njia yake inapita kwenye nchi hii hii tunayoishi. Elton alikuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, kazi yake kubwa ikiwa kufuatilia biashara ya watumwa. Mwaka 1877 alipanda Zambezi na Shire, akaingia Nyasa, akasafiri kwa Ilala hadi huku kaskazini, kisha yeye na wenzake akiwamo H. B. Cotterill wakashuka nchi kavu wakitaka kutokea pwani inayotazamana na Zanzibar kwa miguu. Walipita nchi ya Wanyakyusa, wakapanda milima, wakavuka uwanda wa nyasi wa Kitulo, wakashuka Usangu kwa Mtemi Merere. Huko walikuta vita kati ya Wasangu na Wahehe wa Munyigumba, baba yake Mkwawa, wakakwama. Waliponasuka wakapita Uhehe hadi Ugogo, na huko Usekhe Elton akafa tarehe 19 Desemba 1877. Wenzake walimzika chini ya mbuyu. Alikuwa na miaka 37.

Sasa tazameni binti alivyoigeuza hadithi hiyo. Alisema: Elton hakukata njia yoyote. Kila alipopita palikuwa na njia ya watu waliokuwa wakipeleka chumvi, majembe, ng'ombe na pembe, na kila kivuko kilikuwa na mwenyewe. Alipofika kwa Merere hakuingia porini. Aliingia katika siasa za mtemi mwenye ngome, mwenye maadui na mwenye habari za misafara ya pwani. Mtu wa Makambako akauliza kama hao wapelelezi walipotea mara nyingi. Binti akajibu kwamba penye wenyeji wa kuwaelekeza walifika, na penye vita au penye chuki walikaa wakisubiri, wakawa wanakula kwa hisani ya wenyeji.

Kuhusu Thomson alikaa zaidi na Chuma kuliko Thomson mwenyewe, na mimi nampa alama zote kwa hilo. Msafara wa mwaka 1879 ulitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London chini ya Keith Johnston. Johnston akafa Behobeho, karibu na Rufiji, tarehe 28 Juni 1879, na uongozi ukamwangukia Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kufanya safari ya namna hiyo. Aliyekuwa ameifanya ni James Chuma. Huyu ni Myao, na ndiye pamoja na Susi waliobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo mwaka 1873 hadi pwani ya Bagamoyo. Chuma alikuwa mnyapara wa msafara ule, mwenye wapagazi kama 150 chini yake. Mshahara, mgawo wa posho, ugomvi wa kambini, hongo waliyotozwa na watawala ili wapite, mapatano ya kuvushwa mito, yote yalipita mikononi mwake. Msafara ukapita nchi ya Mahenge, ukapanda Uhehe na Ubena, ukateremka hadi ncha ya kaskazini ya Nyasa mwezi Septemba, kisha ukaendelea hadi Ziwa Tanganyika na kulitazama lango la Mto Lukuga, panapotokea maji ya ziwa hilo. Chuma alikufa Zanzibar mwaka 1882. Shuleni tulilijua jina lake kama mtumishi wa Livingstone, basi. Mpwa wangu alikuwa na simu mkononi muda wote, lakini aliposikia habari za Chuma akaiweka mfukoni na kuanza kuuliza maswali.

Jioni kabla ya kula tulikwenda Lyulilo, mwendo wa mguu kutoka tulipolala. Haikuwa siku ya soko la vyungu vya Wakisi, kwa hiyo anayetaka kununua apange safari yake iangukie Jumamosi. Tulimkuta mzee mmoja anashona nyavu. Binti alimsalimia Kinyakyusa, "Mwagonile, tata," kisha akamwomba atueleze upepo wa mwera unavyokuja. Mzee aliweka sindano ya nyavu kwenye goti, akanyoosha mkono kuelekea kusini, akatueleza dalili zake moja moja: rangi ya maji inavyobadilika mbali, mawimbi marefu yanayotangulia kabla upepo wenyewe haujafika, na mahali mtumbwi unapaswa kukimbilia. Nilisimama pale nikifikiria manahodha wa Ilala waliofika huku bila ramani ya kina wala ya upepo. Maarifa ya kuwaokoa yalikuwa vichwani mwa watu kama huyu. Kampuni isikiondoe kituo hiki hata siku moja, na ikiwezekana mzee alipwe vizuri, asipewe soda tu.

Usiku binti alitumalizia na habari ya boti ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Kwa kuwa hapakuwa na mto wa kuileta kutoka pwani ya koloni lao hadi Nyasa, ilibidi ije vipande vipande kwa Zambezi na Shire, na penye maporomoko ya Shire vipande vile vikabebwa nchi kavu, ndipo ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Watawala waliogawana nchi mezani mwaka 1890, wakaufanya Mto Songwe wa kusini mpaka, walikuwa bado hawana njia ya maji ya kufika kwenye ziwa lenyewe. Na Songwe ile ya mpakani inahamahama mkondo wake kule tambarare hadi leo, jambo ambalo sisi wa maji limetupa kazi nyingi pamoja na majirani zetu wa Malawi.

Siku ya pili ndiyo yenye lawama.

Tuliambiwa tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa tatu. Gari lililotuleta lilikuwa limeitwa kazi nyingine usiku, na lililokuja badala yake ni Noah. Sina ugomvi na Noah kwenye lami ya Tukuyu. Lakini kuanzia Isyonje kupanda Kitulo, mwezi wa Januari, udongo mweusi umelowa, Noah ni kuwatesa abiria na dereva. Tulishuka kusukuma, mke wangu mwenye magoti mabovu akatembea kwenye matope, na mwalimu wa Vwawa akapoteza soli ya kiatu. Mtu aliyelipa 260,000 amelipia gari la kupanda mlima. Nimewaambia hivyo, wakaniomba radhi na kuturudishia sehemu ya pesa bila mabishano. Kwa hilo nawashukuru, lakini saa tatu tulizopoteza hazirudishwi.

Kitulo yenyewe ilituponya. Maua yalikuwa yamechanua, na wenyeji hawakukosea kupaita Bustani ya Mungu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, ina aina zipatazo 350 za mimea yenye maua, 45 kati yake zikiwa za okidi. Ramani za kikoloni ziliuita uwanda huu kwa jina la Elton. Lakini kilichonifanya nisimame kwa muda mrefu si maua. Binti alitutembeza kwa miguu juu ya mgongo mmoja wa nyasi, ukungu ukija na kuondoka, hadi mahali penye vijito viwili vyembamba vinavyoachana. Kimoja kilikuwa upana wa kiganja, kinapita kati ya mashina ya nyasi, maji yake meupe, baridi ya kuuma meno. Kinaelekea kusini, na kwa hicho maji yanafika Nyasa, kisha Shire, kisha Zambezi, mwisho wake ni bahari ya Msumbiji. Kingine kinalala upande wa kaskazini kuelekea Usangu, kisha Ruaha Mkuu, Mtera, Kidatu, Rufiji, na mwisho ni bahari yetu huku Mafia. Nilichuchumaa nikatia mkono kwenye hicho cha pili. Maji ya Ruaha nimeyapima miaka yote yakiwa ya kahawia, mazito, yamebeba udongo. Sijawahi kuyashika yakiwa hivi.

Pale ndipo ukubwa wa swali la wapelelezi unaeleweka. Ziwa liko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na wewe umesimama kwenye uwanda wa zaidi ya mita 2,600. Aliyetoka ziwani akapanda hadi hapa angeweza kudhani maji yote ya mlimani yanarudi alikotoka. Wasangu na wafugaji wa huku walijua siku zote kwamba sivyo.

Baada ya hapo tulikimbizana na giza. Tulipita Matamba bila kushuka, na ile barabara ya Hamsini na Saba inayoteremka Chimala kwa kona zake zote tuliishuka giza likiwa limeshaingia. Mchana, ukiwa kwenye kona za juu, bonde lote la Usangu linatandazika mbele yako, mashamba ya mpunga hadi macho yanapochoka, na unaweza kuonyeshwa kwa kidole Chimala inapita wapi, Kimani wapi, Mbarali wapi. Ndicho kituo ambacho safari yote inakielekea. Sisi tuliona taa za magari ya barabara ya Tunduma. Binti alijitahidi kusimulia ndani ya gari, lakini watu wamechoka, wengine wamesinzia.

Nimewaandikia yale ambayo lazima yasemwe pale kwenye kona, mchana, gari likiwa limesimama. Kwamba mito yote ile inakutana kwenye kinamasi cha Ihefu na kutokea penye mwamba wa Ng'iriama. Kwamba Elton aliiona nchi hii ikiwa uwanja wa vita vya watemi, na leo inagombaniwa kwa maji. Kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu maji mengi yanachepushwa kwenda mashambani huku juu na kinamasi kimepungua, hadi rula ya Msembe inasimama kwenye mchanga mtupu na viboko wanabanana kwenye madimbwi. Msafiri aliyeshika kijito cha Kitulo asubuhi anapaswa kuyasikia hayo jioni ile ile. Bila hayo anarudi mjini na habari za Wazungu wawili watatu na picha za maua.

Jambo la mwisho la kurekebisha ni kijitabu wanachogawa mwanzoni. Kinasema Elton alifia Usangu. Alifia Ugogo, na binti mwenyewe alilisema sawasawa. Tena kijitabu chote hakina jina hata moja la Mwafrika zaidi ya Mkwawa na Merere. Chuma hayumo, Susi hayumo. Wampe binti yule kalamu aandike upya kama anavyosimulia.

Nimependekeza kwao siku ya tatu: mlale Matamba au Chimala, asubuhi mshuke kona kwa mwanga, kisha mwende hadi daraja la Ruaha Mkuu barabara ya Iringa. Wameniambia wanaifikiria kwa msimu ujao na bei haitazidi 350,000. Kwa sasa, ukienda kwa hii ya siku mbili, chagua Desemba hadi Machi kama unataka maua, au Septemba na Oktoba kama unataka barabara kavu na mgongo wa Kitulo usio na ukungu. Dai Land Cruiser kwa maandishi. Chukua koti zito, maana Matema utalala kwa jasho na kesho yake mchana Kitulo utatetemeka. Na ukipangiwa muongozaji, uliza kama ni yule binti wa Rungwe. Kama siye, ahirisheni hadi awe na nafasi.